Kinyozi Hajinyoi

Nyumba ni shule ya kwanza ya binadamu, na mama ni mwalimu wake wa kwanza. Humo mtoto hujifunza kusema kabla ya kujua kwamba lugha ina sarufi, hujifunza kushukuru kabla ya kujua kwamba shukrani ni adili, na hujifunza kumwomba Mungu kabla ya kujua kwamba wako watu wasiomwomba. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo huchukuliwa kuwa onyo kwa mzazi mvivu, nayo ni onyo kweli. Walakini ndani yake mna swali jingine ambalo haliulizwi sana. Je, yule aliyefunzwa na mamaye hana haja tena ya kufunzwa na mtu mwingine? Insha hii inajibu kwamba anayo haja kubwa, na kwamba mzazi anayemnyima mwanawe mwalimu wa pili kwa jina la dini haitetei dini hiyo, bali anaiaibisha.

Swali hili si la kubuni. Nchini Marekani wako wazazi wengi, na sehemu kubwa yao ni Wakristo, ambao hawapeleki watoto wao shuleni bali huwafundisha wenyewe nyumbani. Harakati hizo zilipata nguvu katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1983 kilianzishwa chama cha kuwatetea mahakamani, Home School Legal Defense Association, na ulipofika mwaka 1993 elimu ya nyumbani ilikuwa halali katika majimbo yote 50. Serikali ya nchi hiyo ilikadiria kwamba watoto 850,000 walisoma nyumbani mwaka 1999. Mwaka 2016 walikuwa kiasi cha 1,700,000, yaani watatu na zaidi katika kila watoto mia. Maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga shule mwaka 2020, nyumba nyingine nyingi zilijiunga nao, nyingine kwa muda na nyingine kwa kudumu.

Si haki kuwadhihaki wazazi hawa. Wengi wao wameacha mishahara ili wakae na watoto wao. Wanataka Biblia isomwe kila asubuhi, mtoto mzito apewe muda wake, mtoto mwepesi asizuiwe, na tabia njema isiachwe mikononi mwa watoto wengine ambao nao hawajafunzwa. Nani atasema kwamba haja hizo ni mbaya? Mzazi anayejitwika kazi ya namna hiyo anastahili heshima. Walakini heshima si ruhusa ya kukosea, na mapenzi ya mzazi hayageuki kuwa elimu ya kemia kwa sababu tu ni mapenzi ya kweli.

Wazazi wenye busara wamelitambua jambo hilo, na kwa hivi kando ya nyumba hizo yameota madarasa ya ziada ya namna nyingi. Uko ushirika wa wazazi: jamaa kadhaa hukutana katika jumba la kanisa siku moja au mbili kwa juma, mama aliyekuwa muuguzi akafundisha elimu ya viumbe, baba aliye mhandisi akafundisha hesabu, na mwingine akaongoza kwaya. Iko mipango mikubwa iliyoenea nchi nzima, kama Classical Conversations iliyoanza mwaka 1997 katika jimbo la North Carolina, ambayo wanafunzi wake hukutana siku moja kwa juma na siku nyingine husomea nyumbani. Yako madarasa kwa njia ya intaneti, na viko vyuo vya jamii ambavyo huwapokea vijana wa umri wa sekondari kwa somo moja au mawili. Msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya ni kama tuisheni anayoijua. Tuisheni humrudishia mwanafunzi lile alilokwisha kufundishwa shuleni; darasa la ziada humpa mtoto lile ambalo nyumba yake haina.

Juu ya madarasa haya ndipo penye ugomvi. Wako wanaosema kwamba nyumba inatosha. Kwao darasa la nje ni mlango wa nyuma ambao ulimwengu, uliofukuzwa mbele, huingia nao tena. Wengine huyakubali madarasa, lakini kwa sharti kwamba mwalimu asiseme neno ambalo mzazi hajapata kulisema. Na wako wa tatu, ambao hununua kila darasa linalotangazwa, mpaka juma zima likajaa, mama akawa dereva na nyumba ikawa kituo cha kubadilishia nguo. Hawa wote wamekosea, lakini kosa la wawili wa kwanza ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa limevaa joho la utauwa.

Na tuanze na Maandiko, maana ndiko wanakokimbilia. Timotheo alipokea imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, naye aliyajua Maandiko tangu utoto. Nyumba gani ingeweza kujivunia kazi bora kuliko hiyo? Hata hivyo Timotheo hakuachwa pale. Alimfuata Paulo, akawa mwanafunzi wake katika safari na katika taabu. Paulo mwenyewe alikuwa amekaa miguuni pa Gamalieli. Musa alinyonyeshwa na mama yake mzazi, kisha akaelimishwa katika hekima yote ya Wamisri, na hekima hiyo haikumzuia kuwatoa watu wake Misri. Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Walikikataa chakula cha mfalme, lakini hawakuvikataa vitabu vyake. Na Yesu, alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Ikiwa nyumba ya Nazareti haikutosha kumzuia mtoto yule asiende kusikiliza walimu wengine, nyumba ya nani leo itadai kwamba inatosha?

Baada ya Maandiko na tuitazame akili ya kawaida. Mambo matatu hayapatikani nyumbani kwa urahisi.

La kwanza ni maarifa yenyewe. Mzazi mmoja hawezi kuwa bingwa wa kila somo. Anaweza kufundisha kusoma, kuandika na hesabu za miaka ya mwanzo, na pengine akafundisha vizuri kuliko mwalimu mwenye wanafunzi hamsini. Lakini mtoto hukua. Hufika siku akahitaji hesabu za juu, akahitaji kuongea Kifaransa na mtu akijuaye, akahitaji maabara yenye darubini na tindikali na mtu wa kumwonya asiungue. Kitabu humweleza, hakimshiki mkono.

La pili ni wenzake. Mdahalo hauwi mdahalo kwa mtu mmoja, na kwaya haiwi kwaya kwa sauti moja. Kijana ambaye hajapata kupingwa na mwenzake wa rika lake hajui kama hoja zake zina nguvu au zimenyamaziwa tu kwa upole na jamaa zake.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mpimaji. Kinyozi hajinyoi. Mzazi anapomfundisha mwanawe, kisha akamtungia mtihani, kisha akausahihisha, kisha akampa alama, amekuwa mfanyabiashara anayepima nafaka yake kwa kibaba alichokitengeneza mwenyewe. Huenda ni mwaminifu; lakini nani atajua? Wengine hutumia mipango ya vijitabu, kama ile ya Accelerated Christian Education iliyoanzishwa Texas mwaka 1970. Humo mwanafunzi husoma kijitabu peke yake, akajaza majibu, kisha akajisahihisha kwa ufunguo wa majibu, na mwisho wa kijitabu hupewa mtihani na msimamizi wake. Katika nyumba msimamizi huyo ni mzazi yule yule. Kijana anaweza kujaza vijitabu mia bila kuulizwa na mtu yeyote swali moja ambalo jibu lake halikuandikwa.

Sheria za Marekani zenyewe zinaonyesha mgawanyiko wa mawazo juu ya jambo hili. Katika Texas mzazi hatakiwi kuiarifu serikali wala kumpeleka mtoto kwenye mtihani. Katika Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 1988, mtoto wa nyumbani hufanya mitihani katika madarasa ya tatu, ya tano na ya nane, na sheria inasema kwamba mtihani huo usisimamiwe na mzazi wake. Kadhalika kila mwaka kazi ya mtoto hutazamwa na mtathmini mwenye sifa zinazotakiwa, ambaye hawezi kuwa mzazi anayefundisha wala mwenzi wake wa ndoa. Waliotunga sheria hiyo hawakusema kwamba wazazi ni waongo. Walisema lile ambalo methali yetu inalisema kwa maneno mawili.

Atakayedhani kwamba hatari hii ni ndogo na afikirie habari za Tara Westover, mwanamke aliyekulia katika milima ya Idaho katika jamaa ya imani ya Mormoni. Katika kitabu chake Educated, kilichotoka mwaka 2018, anasimulia kwamba hakupata kuingia darasani mpaka alipokuwa na umri wa miaka 17, na kwamba alipofika chuo kikuu aliuliza mbele ya wote maana ya jina la mauaji makuu ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, kwa kuwa hakuwa amepata kulisikia. Baadaye alipata shahada ya udaktari katika Cambridge. Wazazi wake wameyakanusha baadhi ya masimulizi hayo, na pengine mashabiki wa elimu ya nyumbani watasema kwamba mwisho wake unathibitisha ubora wa nyumba. Sivyo. Ukiokoka kuzama kwa kuwa una mapafu yenye nguvu, hiyo si sifa ya aliyekutupa majini. Wangapi wasio na kipawa chake walibaki kimya, wala hakuna kitabu kinachowataja?

Hapa watanijibu kwamba mwalimu wa nje atamfundisha mtoto mambo yasiyopatana na imani ya nyumba. Atamwambia, kwa mfano, kwamba viumbe vilibadilika kwa muda wa mamilioni ya miaka, ilhali vitabu vingi vya elimu ya nyumbani vya Kikristo huyakataa maneno hayo. Najibu hivi: kijana anayetaka kuwa daktari au mtaalamu wa mimea hana budi kuijua elimu hiyo kama inavyofundishwa na wenyewe, wala si kama inavyochekwa na wapinzani wake. Imani inayodumu kwa sababu tu haijaulizwa swali ni kama taa inayowaka kwa sababu tu upepo haujavuma. Kama hamwamini mtoto wenu kusikia hoja moja akiwa na umri wa miaka 15, huku bado anakula mezani penu na kuwauliza ninyi, mnatumaini nini atakapoisikia akiwa na miaka 20, peke yake, mbali nanyi, kwa mara ya kwanza?

Tena si kweli kwamba mguso wa nje huangamiza imani. Tim Tebow alisomeshwa nyumbani na wazazi Wakristo waliokuwa wamisionari. Sheria ya Florida ya mwaka 1996 iliwaruhusu watoto wa nyumbani kushiriki katika michezo ya shule za serikali, naye akacheza katika timu ya shule ya namna hiyo. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Heisman, tuzo kubwa ya mpira wa Kimarekani vyuoni, na watu wote wakajua pia kwamba ni Mkristo, maana hakuificha imani yake. Shule ya serikali ilimpa kile ambacho nyumba haikuwa nacho, yaani timu, nayo haikumnyang'anya kile alichopewa na nyumba.

Basi mzazi achague madarasa kwa kanuni gani? Nitataja nne.

Kwanza, na ahesabu upungufu wake kabla ya kuhesabu matangazo. Aandike katika karatasi masomo anayoyaweza na yale asiyoyaweza, kisha atafute mwalimu wa yale asiyoyaweza. Wazazi wengi hufanya kinyume: mama mpenda hadithi humpeleka mwanawe kwenye darasa la hadithi kwa kuwa linampendeza yeye, na hesabu, ambazo yeye mwenyewe anaziogopa, huachwa zioze nyumbani.

Pili, na aulize mwalimu anajua nini, wala asiridhike kuuliza anasali wapi. Uchaji wa Mungu ni sifa kubwa kwa mwalimu, lakini hautoshi peke yake. Fundi mcha Mungu asiyejua kupima huezeka nyumba inayovuja, na mvua haitamuuliza dhehebu lake.

Tatu, na atafute darasa linalotoa hukumu ya kweli: linalosahihisha kazi, linaloandika makosa, linalothubutu kumwambia mzazi kwamba mwanawe hajui. Darasa linalomsifu kila mtoto kila juma ni kioo cha kujipendezea. Mzazi akikasirika anapoambiwa ukweli huo, basi alikuwa anatafuta mteteaji na si mwalimu.

Nne, na aweke kiasi. Madarasa mawili au matatu yenye kazi ya kweli hushinda manane ya kupitia juu juu. Faida ya nyumba ni utulivu, na mtoto anayeshinda garini kutwa hana nyumba wala hana shule. Masikini naye asikate tamaa kwa kuwa madarasa mengine ni ghali. Ushirika wa jamaa tano, kila mmoja akifundisha anachokijua, hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji unyenyekevu wa kukubali kwamba jirani anajua usichokijua.

Lakini katika mabishano haya yote yuko mtu mmoja ambaye husahauliwa, naye ni mtoto mwenyewe. Mwaka 1972 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya Wisconsin v. Yoder. Waamishi, Wakristo wanaoishi maisha ya kale ya kilimo, hawakutaka watoto wao wasome shuleni baada ya darasa la nane, na mahakama ikawaruhusu kwa ajili ya dini yao. Jaji William O. Douglas hakukubaliana na wenzake katika jambo moja. Alisema kwamba wazazi wamesikilizwa, serikali imesikilizwa, lakini watoto hawakuulizwa wote. Na huenda mmoja wao anatamani kuwa mpiga piano, au mwanaanga, au mtaalamu wa bahari. Naam, hapo ndipo penye kiini cha shauri. Mzazi anapokosea juu ya elimu, anayelipa si yeye. Miaka iliyopotea haikatwi katika umri wa baba. Hukatwa katika umri wa mwana, na hakuna mahakama inayoweza kuirudisha.

Wasomaji wa Kenya wasidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu, kwani hapa nchini pia wako Wakristo wanaofundisha watoto wao nyumbani. Kwetu sheria ni kali kuliko ya Texas. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule, au mahali pengine palipoidhinishwa, bila kukosa. Angalieni kwamba Katiba haikuiandika haki hiyo kwa jina la mzazi wala kwa jina la serikali. Imeiandika kwa jina la mtoto.

Tena historia yetu inalo funzo lake. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 na wamisionari juu ya ukeketaji, desturi ambayo sheria yetu ya mwaka 2011 imeikataza waziwazi, Wagikuyu wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakajenga shule zao wenyewe. Hatuwafuati katika sababu ya ugomvi ule. Lakini tazameni walilolifanya baada ya kutoka. Hawakusema kwamba hasira ya mzazi inatosha kuwa mwalimu. Walitambua kwamba anayemtoa mtoto katika shule ya mwingine amelichukua deni lote la elimu yake, wakatafuta walimu, na mwaka 1939 chuo chao cha kufunza walimu kikafunguliwa Githunguri. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, lakini haikuweza kuifuta hoja iliyokijenga: anayekataa mwalimu mmoja hana budi kumtafuta mwingine, na amtafute aliye bora.

Hilo ndilo neno ninalowaachia ninyi mnaosoma leo, ambao kesho mtakuwa wazazi. Huenda mmoja wenu, kwa sababu ya imani au ya ugonjwa au ya umbali, atapenda kuifanya nyumba yake kuwa shule. Na aifanye kwa moyo wote, kwa kadiri sheria inavyomruhusu. Amfundishe mwanawe kusali, kusoma na kufanya kazi. Kisha amtafutie mwalimu wa pili, ajuaye kuliko yeye, asiyemwogopa yeye, na siku mwalimu huyo atakapomwambia kwamba mtoto wake ameshindwa, amshukuru na kumlipa ujira wake. Kinyozi anayempenda mwanawe hamkatazi kukaa katika kiti cha kinyozi mwingine.